Lori Lililokosa Pumzi

Baba Zaituni,

Usingizi bado sina. Si mtoto, meno yake yameshatoka. Ni lori lako la kijiji. Tangu tukuzike, likibeba karanga kwenda Tabora nakaa nalisikiliza, na kabla halijafika mbali linakohoa, linazimika. Likipumzika linawaka kama halikuwa na neno. Mbele linazimika tena.

Watu wakaanza kusema. Ndugu Masanja, dereva aliyeshika nafasi yako, alisimama mkutanoni akasema wewe ndiye uliyeiua injini, ukaficha mpaka ukafa. Mwenyekiti akataka injini ifumuliwe yote. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikasema marehemu hawezi kujibu lakini mimi nipo, msifungue kitu kabla sijaliangalia.

"Shemeji, hiyo si sufuria," Masanja akasema. Wakacheka.

"Sufuria naijua. Na hilo nalijua."

Nilijua nini mimi? Ni zile jioni ulizonipandisha nikukanyagie mafuta, wewe umeegesha bisibisi ndefu sikioni unasikiliza injini. "Taratibu, Mama Zaituni, usilikanyage kama una ugomvi nalo." Halafu ukanifundisha: likifa ghafla, tafuta kwenye umeme. Likifa huku linakohoa, lina njaa ya mafuta.

Sasa njaa gani, na tanki limejaa? Tena likijazwa ndiyo linazimika mapema. Nikaupapasa mpira wa mafuta kama ulivyokuwa ukifanya, kutoka kwenye injini kurudi nyuma, mpaka nikafika mdomo wa tanki. Mfuniko wako haupo. Ulidondoka njiani siku zile za msiba, na Masanja akachonga kizibo cha mti, akakivika mpira wa tyubu ili vumbi lisiingie. Kazi nzuri kabisa. Kimebana kweli.

Nikamwambia aliwashe. Tukangoja. Lilipozimika nikakivuta kile kizibo kwa mikono miwili, na tanki likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Baba Zaituni, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mfuniko wako ulikuwa na tundu la hewa, kizibo hakina, na tanki likijaa hewa ya ndani ni kidogo. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Uliniambia nikiwa na mimba ya huyu, nami nilikuwa nasinzia.

Nilikitoboa kwa msumari, tundu dogo tu. Lori likaenda Tabora, likarudi bila kusimama.

Jioni Masanja akaja mlangoni, kofia mkononi. "Shemeji, kumbe mimi ndiye niliyeliziba. Nisamehe."

Nikamwambia kwangu yameisha. Ya marehemu kayasemee mkutanoni, ulikoyasemea.

Jana ameyasema. Wote wamesikia, na Mwenyekiti.

Basi pumzika, mume wangu. Mtu akilichafua tena jina lako, nitasimama hivi hivi na mtoto mgongoni. Na kulala nitajaribu, nakuahidi. Kesho lori likitoka nitalisikiliza mpaka mlio wake upotee kwa umbali, kisha nitaingia ndani nimwogeshe binti yako.

Mama Zaituni