Unga wa Hatua ya Tisa

Jumatatu, 1 Juni 1992
Nimeupata! Unga mweupe, haujai hata ncha ya kijiko. Hatua tisa, miezi kumi na minne. Mashine ya kupimia inaonyesha ni kitu kilekile kinachotibu kwenye majani ya umuravumba, mmea wetu wa dawa. Tukiweza kukitengeneza hapa maabara, hakuna tena kungoja mvua majani yachipue. Mkuu wetu, Daktari Silvère, amenipa mkono, kasema nianze rapport, ripoti ya wafadhili. Tangu mchana siwezi kukaa kitini.

Jumatano, 3 Juni
Nimejaribu kwenye sahani za vijidudu. Dawa ya majani imeua, imeacha duara safi. Yangu — hakuna. Nimerudia. Hakuna.

Alhamisi, 4 Juni
Nadhani nimeelewa. Molekuli hii ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mashine yetu haiyatofautishi. Mmea hutengeneza la kulia. Mimi nilikosea hatua ya tano, nimetengeneza la kushoto. Linafanana na dawa, si dawa.

Nikamweleza Silvère. Eti sahani zetu ni mbovu, wafadhili wanangoja. Nikamwambia nitaanza upya kutoka hatua ya tano. Alikuwa anatafuta funguo za gari.

Jumamosi, 6 Juni
Biryogo, kwa baba mdogo Twahiru. Ndiye aliyenionyesha umuravumba nikiwa mdogo. Miezi miwili sasa anaosha kwa majani hayo kidonda cha mguu cha mama mdogo, na kilikuwa kinafunga.

Leo nimekuta chupa mezani: unga wangu, umeyeyushwa kwenye maji. Lebo ni mwandiko wangu.

Silvère alipita jana, anatafuta mgonjwa wa kuandika kwenye rapport. Kamwambia baba mdogo ni dawa ileile, tena iko na nguvu kuliko majani. Majani baba mdogo ameyatupa. Kidonda kimeanza kutoa maji.

Nikasema, "Baba mdogo, nani alikwambia uache majani?"

"Si nyinyi? Wewe umesoma, mwanangu. Niambie tu, kwa siku ni mara ngapi?"

Mama mdogo anasema anaisikia ikifanya kazi. Eti hajawahi kujivunia mtu kama anavyojivunia mimi. Amemwambia hata jirani, Scovia, ambaye mtoto wake ana vipele.

Nimesema naenda kunawa mikono. Nimekaa chumba cha nyuma, naandika badala ya kutoka. Chupa nimekuja nayo. Nikisema ukweli, wataniamini tena hata nikiwaambia warudie majani?

Scovia amefika. Namsikia akiuliza kama alete kikombe. Baba mdogo anamjibu: ngoja, muganga wetu anakuja kukuelekeza mwenyewe —