Kwa Jenereta Wetu, Aliyehamia Sebuleni

Ni mwaka mmoja leo, mume wangu, tangu asubuhi ile nilipokuletea chai sebuleni, nikaiweka mezani na kukusubiri uamke. Nilifagia, nikafungua madirisha, nikarudi. Chai ilikuwa imepoa. Ndipo nikakugusa mkono.

Watoto wameniachia kalamu. "Mama, andika wewe, wewe ndiye unayemjua," wamesema. Basi naandika kwa niaba ya wote, ingawa kuna jambo ambalo hata wao watalijua watakapolisoma hapa.

Ulikuwa fundi makochi, na kazi yako uliipenda. Hukuwahi kuficha sponji kuukuu ndani ya kitambaa kipya. Yule mwalimu mstaafu mwenye mgongo mbovu ulimwita mara tatu aje akalie kiti chake, ukiongeza hapa na kupunguza pale, mpaka siku moja akasinzia humo humo. "Sasa kimeiva," ukasema, ukaendelea kufanya kazi polepole usimwamshe.

Misumari midogo uliibana midomoni, ukaongea nasi kwa pembe ya mdomo, na tulikuelewa kila neno. Kisha sukari ikakupata, ukaanza kusinzia mchana. Wateja walikukuta umelala kwenye makochi yao, nawe ukaamka na kuwaambia bila haya, "Nalijaribu." Walicheka, tukacheka. Siku ulipoanza kuweka misumari kwenye kifuniko cha kopo badala ya mdomoni, tulijua unaogopa kusinzia ukaimeza.

Na kukoroma je? Mdogo wako ndiye aliyekubandika jina la Jenereta. Umeme ukikatika alikuwa akisema, "Msihangaike na mishumaa, mlazeni kaka." Ulicheka kuliko sisi sote. Ila mimi nilikuwa silali. Ulikoroma, ukaamka kwenda chooni, ukarudi, ukakoroma tena, mara nne, mara tano kwa usiku mmoja. Asubuhi moja hasira zilinipanda nikakuambia, "Humu ndani kuna mmoja atakufa kwa kukosa usingizi."

Wiki iliyofuata ulikuja na kochi jembamba la kijani, umelishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, ukaliegemeza kwenye ukuta wa sebuleni. "Lala, mama," ukaniambia. "Mtambo umehamishwa."

Nikalala. Sitadanganya, kwa miaka miwili nililala fofofo, mlango nimeufunga.

Nakumbuka siku ya kliniki. Muuguzi alikuwa akishangaa: dawa unameza, chakula unapima, lakini sukari ya asubuhi haishuki. Akatueleza taratibu kwamba sukari ikipanda humwamsha mtu usiku kwenda chooni, na mtu asiyelala vizuri naye sukari yake huwa mkaidi. Akasema wapo wanaokoroma, kisha pumzi inakatika, wanashtuka, wanakoroma tena, na asubuhi hawakumbuki chochote. Anayejua ni yule aliyelala kando. Kipo kipimo, alisema, na msaada upo. Akanigeukia. "Mama, wewe ndiye unayelala naye. Pumzi yake huwa inakatika?"

Uliniangalia. Niliona aibu kumwambia binti wa umri wa kitinda mimba wetu kwamba mimi na wewe hatulali chumba kimoja. Nikajibu, "Hapana, anakoroma tu, ni kawaida yake." Akaandika. Nawe, kwa kunisitiri, ukaitikia kwa kichwa.

Miezi mitano baadaye ndiyo ikaja asubuhi ya chai ile. Daktari alisema moyo ulisimama ukiwa usingizini, na nilipomnong'oneza jibu nililompa muuguzi, akasema hakuna anayeweza kujua kama jibu jingine lingebadilisha kitu. Ni mtu mwema. Mchana maneno yake yananitosha.

Nyumba imenyamaza, baba watoto. Nimehamia kwenye kochi lako, maana chumbani sikuweza. Linanibana, miguu inaning'inia, na najiuliza ulilalaje hapa miaka miwili bila kulalamika hata siku moja. Ukimya niliokuwa nautaka nimeupata wote, na usingizi sina. Mdogo wako bado huja kututazama. Umeme ukikatika anawasha mshumaa.

Mwezi uliopita nilirudi kliniki peke yangu, nikamsubiri muuguzi yule mpaka foleni ikaisha. Nikamwambia, "Uliniuliza swali, nikakudanganya. Ukweli ni kwamba sijui. Sikuwa naye." Alinishika mkono kwa muda mrefu. Akasema kuanzia sasa atauliza kwanza kama wawili hao wanalala chumba kimoja, na atauliza kama jambo la kawaida, asimwaibishe mtu.

Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa na nafasi ya kukusikiliza nikaifungia mlango.

Unakumbukwa na mimi mkeo, watoto wako watatu na wakwe zako, mdogo wako, mjukuu uliyemshonea kiti kidogo ambacho sasa magoti yake hayaenei, na mwalimu mstaafu, ambaye anasema bado anasinzia kwenye kile chako.

Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi, Jenereta wetu. Mlango wa chumbani siufungi tena.