Mjomba Aliyepokelewa Bila Kukaguliwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefuta tena. Hata chai sijanywa. Jukwaa letu tulilifungua ili wakulima wanaotumia Kibanja, programu yetu ya simu ya bei na habari za mashamba, wasaidiane, wao wameligeuza kijiwe cha udiwani. Huyu anamsifu mgombea wake, yule anamtukana, wa tatu anauliza kwa nini bei ya Muleba haifunguki na hakuna anayemjibu. Nikaandika kwa herufi kubwa: SIASA NJE. Jamaa mmoja akanijibu kwamba programu ni huria na yeye yuko huru. Huria, baba, si holela. Nimemfungia wiki nzima akapumzike.

Darasani Kashai, ninakofundisha kompyuta, umeme umekatika, umerudi, umekatika. Nimewafundisha kuchapa kwa mdomo.

Deo ameniandikia kutoka Muleba. Amepokea kazi ya Alistides, mchangiaji wetu mpya. Msimbo wa Kibanja uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua, kuleta marekebisho. Ila wa kuyapokea ni mimi na Deo tu, maana sisi ndio tulioianzisha. Sehemu ya bei sasa inafunguka upesi. Nimejaribu, kweli. Deo anamwita huyo Alistides mjomba. Kijana wa juzi! Lakini ni wa ukoo wa mama yake Deo, na kwa Wahaya hata kichanga cha ukoo wa mama ni mjomba wako, unakipa heshima yake. Haya. Mjomba katusaidia.

Sikai nikatulia leo. Nainuka, nakaa, nainuka.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa.

Mama mmoja wa Kamachumu alibandika jukwaani ujumbe alioupata kwenye simu. Niliona jina la mgombea, nikafuta bila kusoma hadi mwisho. Akabandika tena, akauliza kwa nini namfuta. Ndipo nikasoma. Mgombea anamsalimu kwa jina, anamwambia anajua mibuni yake imezeeka, akipata udiwani atamletea miche. Umri wa mibuni yake mama huyo aliuandika mahali pamoja tu. Kwenye Kibanja.

Kabla ya adhuhuri walijitokeza wengine. Kila mmoja na jina lake, na shamba lake, na ahadi yake. Mmoja aliahidiwa dawa ya mnyauko wa migomba, na kweli mnyauko umemwingilia, aliandika mwezi uliopita.

Mimi sijauza kitu. Deo hajauza kitu, namjua tangu chuo. Sasa nani?

Nimerudisha ujumbe wa yule mama. Nimechelewa, wameshaona nilivyoufuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamepata mchawi. Mimi.

Alifuta, wanasema, kwa sababu anajua. Ndiye msimamizi, nani mwingine? Halafu mmoja, picha yake ameweka jogoo, akaandika kwamba huyo Zuhura si mtu wa hapa, ni mnyamahanga, watu wa pwani biashara wanaijua. Mnyamahanga! Babu yangu mzaa baba alifika Bukoba kutoka Pangani baba zao hawajazaliwa. Amezikwa hapa. Nyanya aliyemuoa ni Mhaya wa Hamugembe, na mimi nalala kwenye nyumba yake mpaka leo. Jogoo huyo Kiswahili chenyewe kinamshinda.

Nimeandika jibu refu la matusi. Nimelifuta. Nimeandika fupi zaidi, lenye matusi zaidi. Nalo nimelifuta.

Mama ameniona ninavyozunguka uani akasema binadamu hawana jema, njoo umenye ndizi. Nimemenya. Nimejikata.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeona.

Nilisoma msimbo tangu asubuhi. Mabadiliko yote ya karibuni, moja baada ya jingine, likiwemo la Alistides. Sehemu ya bei kweli aliiharakisha. Lakini katikati ameweka mistari michache: kila mkulima anapofungua bei, jina lake, namba yake ya simu na habari za shamba lake zinakwenda mahali pengine, kwenye anwani ambayo si yetu. Haikufichwa sana. Mtu angesoma angeiona. Watu wamegombana jukwaani wiki nzima nani kauza, na jibu liko wazi kwa kila mwenye simu, pamoja na jina la aliyeipokea mistari ile. Hakuna aliyesoma. Na mimi nilikuwa mlangoni nafukuza siasa, kumbe imeshapita ndani na kupewa kiti.

Nikampigia Deo. Nikamuuliza, uliisoma kazi ya Alistides? Nikamuuliza tena. Akasema, "Zuhura, ningemkaguaje mjomba?"

Nikakata simu. Ningeendelea ningesema neno lisilorudi.

Namwelewa, na ndicho kinachoniudhi. Kwao mjomba akileta mkungu huugeuzi kutafuta ndizi mbovu. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Nimekula kwao mara nyingi, najua. Lakini huu si mkungu, jamani!

Jumamosi, 9 Agosti

Mistari nimeitoa. Alistides nimemfungia, na kwenye jukwaa hajaonekana tena, simu yake haipatikani. Toleo safi liko tayari. Haisaidii kitu. Simu zenye toleo la zamani zinaendelea kutuma kila bei inapofunguliwa, mpaka mwenyewe aweke jipya. Nikatangaza: wekeni toleo jipya leo leo. Majibu yakaja. Ya kwanza: anataka kutuwekea nini tena huyu? Wakacheka wote.

Kwa hiyo dawa ipo, hawataki kuipokea mkononi mwangu. Na kila siku habari zao zinavuja.

Jumapili, 10 Agosti

Deo amenipigia. Anaomba nisimtaje. Niseme ni hitilafu. Baba yake, Mzee Rwezaura, ni mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa, na ndiye aliyesimama baada ya misa akawaambia watu wajiandikishe Kibanja, ni kazi ya mwanangu, mwaminini. Wakajiandikisha kwa mdomo wa mzee. Ikijulikana ni mwanawe aliyefungua mlango, mzee atauweka wapi uso wake?

Na mimi wangu nauweka wapi? Nilimuuliza hivyo. Akasema, "Wewe una nguvu, Zuhura."

Nguvu! Nikiwa na nguvu ndiyo nibebe mzigo wa kila mtu?

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Jumanne, 12 Agosti

Jukwaani sasa kuna makundi mawili. Kundi moja linataka msimbo ufungwe, uwazi ndio umetuponza, adui kaingia kwa sababu mlango hauna kitasa. La pili linasema mkifunga, nani atajua mnafanya nini humo? Nimekaa upande wa pili na nimeandika hivyo. Ungekuwa umefungwa nisingeona ile mistari. Mtu akajibu: anatetea mlango wake. Siku hizi hata nikiandika habari za mvua watasema nimehongwa na mawingu.

Kisha wakaacha msimbo wakarudi kwenye udiwani. Kila upande unasema mwizi ni wa upande wa pili.

Darasani mzazi mmoja amekuja kumtoa binti yake. Kwa adabu kabisa. Amesema ni mambo ya ratiba.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeandika tangazo lenye jina la Deo. Kila kitu: mistari, tarehe, nani kaleta, nani kapokea. Ni kweli tupu. Kidole kiko juu ya kitufe. Nimeiweka simu chini. Nimeichukua. Mama kaniuliza kama naumwa tumbo.

Nikilituma napona mimi. Wakulima je? Watasema Zuhura anamsingizia mtoto wa mwenyekiti, toleo jipya hawataweka ng'o. Hao wanamsikia mzee peke yake.

Jumamosi nakwenda Muleba. Nitamwambia mzee mwenyewe, uso kwa uso, Deo apende asipende. Nimemwandikia Deo kwamba nakuja. Sikumwambia ninachoendea, lakini si mjinga.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi.

Nilimkuta Mzee Rwezaura mbele ya nyumba, kahawa imeanikwa kwenye mikeka mpaka njiani. Akanipokea vizuri, na hiyo iliniumiza kuliko angenifukuza. Tukaingia. Deo alikuwepo, kanyoa, kakonda. Hatukuangaliana.

Mzee akaleta kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa za kutafuna. Mgeni huanza na hizo, ndivyo kwao. Akampa Deo punje zake, akachukua zake, akanipa zangu. Deo akatia mdomoni. Mimi nilipotaka kutia, mzee akanishika mkono, taratibu tu. Kwao ukitafuna kahawa ya mtu umesema moyo wako kwake ni safi. Zamani waliapiana undugu kwa punje hizo hizo. Mzee akasema, "Binti yangu, watu wanasema ni wewe. Kama ni wewe, niambie kabla hujatafuna."

Nilikuwa na maneno yote. Nimeyapanga njia nzima. Yakakauka. Nimekaa na punje kiganjani, namwangalia mzee yule aliyeniita binti yake huku anaamini nimemuuza. Nikageuka nikamwangalia Deo. Taya lake limesimama.

Deo akainama. Akazitema punje kiganjani mwake, mbele ya baba yake. Akasema, "Tata, ni mimi."

Akaeleza yote. Kihaya na Kiswahili vikapishana, mengine sikuyashika. Mzee hakupaza sauti. Alimuuliza alimjuaje huyo Alistides. Deo akasema alimtajia ukoo na muziro wao, mnyama wasiomla, akataja sawasawa. Mzee akamuuliza, "Ukamuuliza kibanja cha babu yake kiko kijiji gani?"

Deo hakumuuliza. Ukoo na muziro mtu anaweza kuusikia popote. Kibanja cha babu, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kina majirani, hapo ndipo mwongo angekwama. Mzee akafunika uso kwa mikono. Akasema na yeye hakuuliza kitu siku ile aliposimama mbele ya watu baada ya misa. Alisikia mwanangu, akatosheka.

Mimi natamani ardhi inimeze, na kosa si langu.

Kisha akanigeukia akaniambia nitafune. Nikatafuna. Chungu, na sijawahi kutafuna kitu kitamu kama kile. Deo zake hakuzirudisha mdomoni. Alinisindikiza mpaka barabara kuu. Hata kwaheri tulisahau.

Jumapili, 17 Agosti

Mzee alisimama baada ya misa. Deo kanitumia ujumbe mfupi, hakutia chumvi. Baba yake amesema: niliwaambia mwaminini mwanangu, nami sikumkagua. Mwanangu alifungua mlango. Binti wa Bukoba hana kosa, ndiye aliyeona. Toeni simu zenu wekeni toleo jipya hapa hapa. Wakaweka, vijana wakiwasaidia wazee, uwanja mzima wa kanisa.

Halafu akaacha uenyekiti. Hakuna aliyemwambia aache. Hakuna aliyemwambia abaki pia.

Nilidhani nitafurahi. Nimekaa uani, siisikii furaha yoyote.

Jumatano, 20 Agosti

Deo ameandika jukwaani kwa jina lake kamili. Amebandika ile mistari, akaeleza, akaomba radhi. Watu walimtukana mpaka saa ya magharibi. Baadaye mtu akaleta habari ya wagombea, wakamwacha.

Aliyeniita mnyamahanga anauliza bei ya leo. Kuniomba radhi, hata nusu neno. Nyani haoni kundule. Nimempa bei.

Wengi wameondoka. Yule mama wa Kamachumu ameifuta Kibanja kabisa, anasema atauliza bei kwa jirani kama zamani.

Tumekubaliana kwa maandishi mimi na Deo: hakuna anayepokea kazi bila kuisoma yote, iwe ya mjomba, ya shemeji au ya mwalimu wake. Ameandika ndiyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Mvua kidogo alfajiri, ya kwanza tangu Juni. Mama ametandaza ndoo chini ya michirizi.

Deo ameleta marekebisho. Ya kwanza tangu yale yaliyotokea. Kitu kidogo, mkulima aweze kufuta jina lake mwenyewe bila kutuomba. Wazo zuri. Nikasoma mstari kwa mstari. Kulikuwa na kosa: jina linafutika, namba ya simu inabaki. Zamani ningelirekebisha kimyakimya nisimwaibishe. Nimemrudishia, nikamwonyesha kosa lilipo, mbele ya kila mtu.

Akajibu: asante, Zuhura. Akalitengeneza, akaleta tena.

Nikasoma upya tangu mwanzo, kana kwamba simjui. Yako sawa. Nikapokea.