Folda Iliyorudi Asubuhi

Jumanne, Julai. Ukungu umeshuka tangu jana na haujaondoka. Mgomba wa jirani siuoni, nasikia tu majani yake yakidondosha maji. Mashuka ya loji niliyofua jana bado ni mabichi kwenye kamba. Baridi ya Karatu mwezi huu haina huruma.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi feni ya kompyuta imeanza kuzunguka tena.

Hakuna aliyeigusa.

Kompyuta ni ya mume wangu. Jina lake sitaliandika hapa, na mtaona kwa nini. Alikuwa akiwapeleka wageni kreta ya Ngorongoro, lakini yeye mwenyewe alipenda ndege kuliko simba. Alisema simba watu hulipa kuwaona, ndege wanakuja wenyewe. Akaweka kinasa sauti kwenye dirisha la sebule, akawa anarekodi dakika tano kila alfajiri. Miaka saba. Nyingi za rekodi hizo na yeye anasikika: anakohoa, anatafuta soksi, ananiuliza nimeiweka wapi chupa ya chai.

Na kila alfajiri alinisalimia kwa Kimasai. "Takwenya." Ndivyo mwanamke anavyosalimiwa kwao, naye huitikia kwa neno moja fupi. Mimi mzaliwa wa Qurus, hapa hapa Karatu, neno lile lilinitoroka kila siku, nikajibu, "Nzuri!"

"Hivi hutaolewa Loliondo wewe," alikuwa akisema.

"Nimeshaolewa. Umechelewa."

Aliugua siku tisa. Mwezi Machi tukamzika kwao, ng'ambo ya Loliondo. Alfajiri ya kwanza niliporudi hapa nikasikia feni inaanza yenyewe sebuleni. Nilijifunika blanketi mpaka jua likatoka. Nakiri hilo.

Nilizoea. Kisha mwezi huu ukaanza mlio mwingine ndani ya kompyuta. Ko, ko, ko.

Alhamisi iliyopita nilimwita fundi, mzee mmoja aliyeanza na redio kabla ya kompyuta. Aliinamisha sikio kama daktari.

"Dada, hii diski inabisha hodi. Siku moja itaaga kabisa. Tafuta programu ya kuhifadhi nakala wiki hii, usingoje wiki ijayo."

Kisha akafungua folda kubwa kuliko zote na kusoma kwa sauti kilichoandikwa juu yake. Jina la mume wangu, lote, pamoja na la baba yake.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale pale. Tunamwita Yeyo, yaani mama. Amekaa nami tangu Mei ili nisiwe peke yangu. Aliweka kikombe chini.

"Nani kakutuma umwite?"

"Nasoma tu, mama."

"Basi soma kimya."

Akatoka nje. Baadaye nilipomfuata akaniambia bila hasira, kama mtu anayekukumbusha kufunika maziwa, kwamba kwao aliyekwisha kwenda hatajwi jina. "Yuko njiani. Ukimwita kwa nyuma, atageuka."

Kwetu tulimtaja babu kila tulipovuna mahindi. Lakini sikubishana naye. Yule ni mama, na mimi niliishi na mwanawe miaka kumi na mbili tu.

Fundi aliniachia diski ndogo ya nje, ya kuchomeka pembeni, na programu tatu nichague. Moja inapeleka kila kitu mtandaoni. Bando langu halitoshi, na sikupenda kikohozi chake kikakae nchi nisiyoijua. Nyingine ni kama kioo: kilichomo kwenye kompyuta ndicho kinachokuwa kwenye diski ya nje. Ukiongeza, nayo inaongeza. Ukifuta, nayo inafuta. Ya tatu haitupi kitu. Kila siku inaiweka peke yake, hata ulichofuta leo kinabaki kwenye jana.

"Hiyo inakula nafasi," fundi akasema. "Ni kama shangazi anayetunza magunia matupu."

Nilichukua ya kioo, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Nikadhani inatosha awepo mahali pawili.

Jumapili baada ya ibada nikataka kumpumzisha Yeyo moyo. Nikafuta jina la mume wangu juu ya folda, nikaandika "Ndege". Sekunde chache baadaye jina likatoweka pia kwenye diski ya nje, mbele ya macho yangu. Ilikuwa kama kuna mtu ananifuata nyuma na kitambaa, anafuta nilikopita. Ningekosea kubonyeza, rekodi zote za miaka saba zingefutika pawili kwa mara moja.

Nikamwambia Yeyo kwamba nimeliondoa. Hajui kusoma, ananiamini. Akanipapasa mkono.

Jana asubuhi folda ya "Ndege" ilikuwepo. Na pembeni yake ilikuwepo folda nyingine, mpya, yenye jina la mume wangu. Lote, pamoja na la baba yake. Kwenye diski ya nje pia.

Ndani yake kulikuwa na rekodi moja. Saa kumi na mbili na nusu.

Nilimpigia fundi simu nikiwa nimesimama uani, mbali na nyumba.

"Dada, huyo si mzimu, hiyo ni ratiba," akasema, akicheka. "Marehemu aliitegea saa. Inajiwasha, inarekodi, inaweka kwenye folda ile. Isipoikuta, inatengeneza mpya."

"Kwa jina lile lile?"

"Ndilo jina inalolijua."

Nilitulia. Kweli nilitulia, nikapiga pasi mashuka kumi na manne yaliyokauka tangu Jumamosi bila kuunguza hata moja.

Leo Yeyo alipokwenda mashineni kusaga mahindi, nikaisikiliza rekodi ile ya jana.

Upepo. Kurumbiza anaimba karibu kabisa na dirisha. Mlango wa nyuma unalia: huyo ni mimi, natoka kwenda jiko la nje kuwasha moto wa chai. Kisha ndala za matairi, polepole, zinakuja mpaka kwenye dirisha. Ndala za Yeyo.

Anataja jina la mwanawe.

Yeye mwenyewe. Kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtu na hataki kumshtua. Mara moja. Kurumbiza anaendelea kuimba. Mara ya pili. Mara ya tatu, na ndege ananyamaza.

Kimya cha sekunde kumi na moja. Nimezihesabu kwenye skrini.

Kisha Yeyo anaitikia. Ni lile neno fupi la mwanamke aliyesalimiwa.

Nimerudisha nyuma mara nne. Nimepandisha sauti mpaka upepo ukawa kama unga unaochekechwa. Katika zile sekunde kumi na moja hamna salamu. Hamna chochote. Ila ameitikia, na kwa sauti nyepesi ambayo sijaisikia kwake tangu Machi.

Aliporudi alikuwa na unga kwenye mkono wa nguo. Nilitaka kumuuliza. Akauliza yeye kwanza kama kuna chai. Nikammiminia, nikaongeza maziwa, tukanywa.

Baadaye niliiondoa programu ya kioo na kuweka ile ya shangazi na magunia yake. Diski ikaanza kubisha, ko, ko, ko, na kila iliponyamaza nilishika ukingo wa meza nikidhani ndiyo imeaga. Imenakili mpaka saa tisa alasiri. Rekodi zote zimepita. Soksi, kikohozi, chupa ya chai, vyote vipo kwenye diski ya nje, na ya jana ipo pamoja navyo.

Mwishoni programu iliuliza nihifadhi kwa jina gani. Yeyo alikuwa ameketi nyuma yangu, akitazama dirisha. Nikaliandika jina la mume wangu, lote, kisha nikalisoma kimya.

Fundi alikuwa ameshanielekeza pa kubonyeza ili ratiba ikome.

Sijabonyeza.

Kesho moto wa chai utachelewa. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nimeketi sebuleni, karibu na dirisha. Lile neno la kuitikia nimelirudia leo nikianua mashuka, mara nyingi, mpaka limekubali kukaa mdomoni.