Thelathini na Sita na Nusu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanila. Magoti yanaendeleaje? Na lile sikio la kushoto? Mama ameniambia kwamba siku hizi unamlazimisha kila mgeni akae upande wako wa kulia. Ndiyo maana nakuandikia barua. Kwenye simu tungepigiana kelele mpaka majirani waje kuamulia.

Nina ombi. Unajua kazi yangu ni watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Tunawafuatilia wanaowekwa kifuani kwa mama tangu saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi, badala ya kupelekwa chumba cha peke yao. Mkubwa wangu wa kazi anataka kurasa chache za kueleza mambo yalivyokuwa zamani. Nikakumbuka daftari lako la jalada jeusi, ulimoandika kila mtoto uliyempokea: saa, uzito, joto, na yaliyompata. Nilipokuwa mdogo nikiligusa ulinipiga mkono. Sasa naliomba kwa adabu zote.

Mwanao,
Kiroboto

22 Februari

Kiroboto wangu,

Marahaba. Magoti yanauma, sikio limestaafu kabla ya mwenyewe, mengine namshukuru Mungu. Wewe unakula? Sauti yako kwenye barua ni nyembamba.

Daftari nimempa binti wa jirani anayekuja huko kusoma. Nimelifunga kwa taulo, ukilirudisha na taulo lirudi. Mwambie mkubwa wako kwamba limeandikwa na mkunga ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuruka mstari hata mmoja. Watoto elfu mbili mia nne na kumi na mmoja. Wengine sasa wana vitambi, wananipita barabarani bila salamu, na mimi ndiye niliyewapiga matako ya kwanza.

Mama yako hajambo. Nilimpitia Jumapili, tukanywa chai. Cherehani yake bado imefunikwa shuka, vile vile tangu mwaka tulipompoteza mdogo wako. Nguo ikichanika anaipeleka kwa fundi wa kona, yeye aliyekuwa fundi wa mtaa mzima. Nilishaacha kumsemesha habari hiyo.

Shangazi yako

3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole na magoti. Mimi ninakula, usijali.

Daftari limefika, na taulo lake. Wenzangu wamelizunguka kama watu wanaotazama harusi. Mwandiko wako hata daktari mmoja hapa hauwezi. Leo nilikuwa wodini, kuna mama ana mtoto wa kilo moja na nusu, siku ya nne yuko kifuani pake, amelala kinywa wazi kama mlevi. Mama huyo anakula naye, anasoma gazeti naye. Nikasema shangazi angemcheka.

Nina swali la kitoto. Mwaka nilipokuwa na miaka sita, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, watoto wako wote wana joto moja: 36.5. Wanene, wembamba, waliolia na waliogoma kulia. Watoto ishirini na wawili! Hata mikate ya tanuri moja haiivi sawa. Kabla na baada ya hapo kila mtoto ana namba yake. Nieleze, nisije nikaandika upuuzi.

Mwanao,
Kiroboto

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Kipimajoto kilikuwa sawa na watoto walikuwa sawa. Mambo ya zamani usiyachokonoe kila shimo. Kama umemaliza, nirudishie daftari langu.

Shangazi yako

26 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kuliko cheti cha dawa.

Sijalirudisha daftari. Nilitaka, nikalifunga kabisa kwenye taulo, kisha nikalifungua tena. Nilitafuta tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba. Umeandika: "Mvulana. Kilo 1.6. Saa tano na robo asubuhi. Joto 36.5. Amefariki siku ya pili." Na pembeni jina la mama yangu.

Nakuuliza kama mwanao, si kama mtu wa utafiti. Mdogo wangu alikuwa na joto gani?

Kiroboto

8 Julai

Kiroboto,

Salamu zangu zikufikie. Nimeanza barua hii mara nne. Tatu nimewashia jiko.

Kipimajoto cha wodi kilivunjika mwanzoni mwa mwezi wa sita. Kilianguka mkononi mwangu. Metroni wetu alikuwa mkali, na aliyevunja kitu aliandikiwa barua ya onyo, na mimi nilikuwa nangojea kupandishwa cheo. Nikasema kitaletwa kingine, sikusema na nani wala lini. Watoto niliwapima kwa nyuma ya mkono. Na kwa kuwa metroni alikagua kila safu, niliandika namba ambayo haimfanyi mtu aulize swali. Wengi walikuwa na afya, nikajiambia sijamdhuru yeyote.

Kisha akaja mama yako, wiki sita kabla ya siku zake. Utaratibu wetu ulikuwa njiti anaondolewa, anapelekwa chumba cha pili chenye kitanda cha taa ya joto. Taa ilikuwa moja, watoto walikuwa wanne. Mdogo wako nilimlaza pembeni, ambako mwanga ulifika kwa shida. Nilimgusa mguu, nikajua hali yake. Ningekuwa na kipimajoto ningeona namba, na namba ingenifanya nikimbie kumwita daktari. Mkono unaweza kuubishia. Niliubishia.

Mama yako aliniomba mtoto mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia apumzike. Mara ya pili nilimwambia ni utaratibu. Mara ya tatu alikuwa ameshafungua vifungo vya gauni, kifua kiko wazi, anasema, "Wifi, nipe nimshike tu." Nikamwambia asimzoee.

Alipofariki, mama yako alinitazama, akauliza ni nini kimemuua. Nami nilisema, "Si nilikwambia uache kukanyaga cherehani?" Neno hilo lilinitoka kwa hofu. Nilidhani nitalirudia kulifuta akishatulia. Jumapili ikapita, na nyingine, mpaka shuka likazoeleka juu ya cherehani kama sehemu ya nyumba.

Mficha uchi hazai. Nimewaambia hivyo wanawake maelfu, nikiwa nimefunika wangu.

Sina la kukuomba.

Shangazi yako

9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Naandika salamu kwa sababu ulinifunza wewe.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za hospitali, nikachelewa wodini. Nimekaa mwezi mzima na hasira. Nilitaka kukuandikia mabaya, na mengine niliyaandika, nikayachana.

Utafiti wetu unaonyesha kwamba njiti wengi zaidi huishi wakikaa kifuani tangu mwanzo. Wengi, si wote. Kuhusu mmoja, wa kilo moja na nusu na kidogo, miaka ile, hakuna anayeweza kuapa. Ule ulikuwa utaratibu, na wewe hukuutunga. Hilo nakuachilia, na ninalisema kwa moyo wangu wote. La cherehani siwezi.

Unajua nilikuwa nikimfanyia nini mama? Nilikuwa na miaka sita, nilikusikia. Kila alipokaribia ile cherehani nilimwambia, "Mama, usishone, utaua mtoto mwingine." Nililiimba hilo, shangazi. Siku moja nikaona ameifunika shuka. Nilijiona nimemsaidia.

Sitamwambia mama. Si la kwangu, na si la kwenye simu. Nenda wewe. Ukae upande ambao utamsikia.

Mwanao,
Kiroboto

17 Oktoba

Kiroboto wangu,

Salamu nyingi. Mimi nipo. Mama yako yupo, ni mzima wa mwili.

Nilichelewa. Nilikwenda Jumapili tatu, nikanywa chai, nikarudi na neno langu tumboni. Jumapili ya nne nilimwambia kabla ya chai. Nilimwambia yote, ya kipimajoto, ya taa, ya cherehani. Nilimweleza pia unayoyaona huko, yule mama anayesoma gazeti na mtoto kifuani.

Hakulia. Alikaa akikunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja. Nilidhani atauliza kwa nini nilisema lile neno, na nilikuwa nimejiandaa kujibu. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Alikuwa na joto?"

Miaka ishirini na sita, na swali lake ni lile lile lako. Ningeweza kumwambia ndiyo. Nakiri nilifungua kinywa kusema ndiyo. Kisha nikamwambia, "Hapana, wifi. Alikuwa baridi, miguu na mikono."

Akasema, "Mimi nilikuwa na joto. Nilikuwa naungua, maziwa yamejaa, gauni limelowa. Joto lote lile nililiweka wapi?"

Aliinuka akanifungulia mlango, taratibu, si kwa kunifukuza, akasema nisije Jumapili ijayo. Nyingine hakuzitaja. Nimehesabu tano sasa. Juzi nilipita barabarani kwake nikasimama kidogo. Kwa sikio hili moja siwezi kuapa, lakini nadhani nilisikia cherehani. Sikubisha hodi.

Daftari usilirudishe. Mpe mkubwa wako alitumie. Hao ishirini na wawili waandike kwamba hawakupimwa, na useme ni nani hakuwapima. Ila mstari wa tarehe kumi na nne unaujua, huo urekebishe kwa mkono wako, mwandiko wangu siku hizi unatetemeka. Futa ile thelathini na sita na nusu. Andika: baridi. Andika na hili, sikuwa na safu yake: mara tatu mama aliomba apewe mtoto.

Saa iache. Saa niliiandika kweli.

Shangazi yako