Wavu wa Safu ya Mbele

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi. Goti lako je?

Kamba ulizosuka zimefika, na nimefungia wavu wa safu ya mbele ya viti hapa uwanjani ninapofanya kazi. Besiboli si mchezo wa kuchezewa, dada. Mtu anaupiga kwa gongo mpira mgumu kama jiwe, na ukienda pembeni unawafuata watazamaji. Wavu ndio kinga yao. Msimamizi alivuta kamba yako kwa mikono miwili, akauliza fundi ni nani. Nikavimba kichwa utadhani nimeisuka mimi.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi silisikilizi. Barua yako nimemsomea jirani mara tatu, sasa ananikimbia. Mwalimu mkuu alipoisikia akaniagiza nyavu za magoli yote ya shule! Nimechukua wasaidizi wawili. Na wewe, mvivu wa kukaza fundo, usije ukaniaibisha huko.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nisamehe kwa kimya.

Jumapili mpira ulimpiga mama mmoja mstaafu aliyekuja kumtazama binti yake akicheza. Mfupa wa shavu umevunjika, na jicho moja haijulikani kama litaona tena. Wavu ulikuwa wazi mbele yake. Kamba ilikatika, dada. Ndivyo ripoti inavyosema. Mimi sikulaumu, labda ni jua. Usilibebe sana moyoni.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijui nianzie wapi. Aibu imenijaa. Miaka ishirini na sita nasuka, sijawahi kumuumiza mtu. Nilikwenda shule mwenyewe, nikazifungua nyavu zote mbele ya watoto. Mwalimu mkuu aliniuliza nilikosea wapi, nami nikaendelea kuzikunja. Wasaidizi nimewaambia wasije tena.

Kamba zilizobaki nazijaribu kwa kuning'iniza ndoo za mawe. Hazikatiki, nami nazidi kuchanganyikiwa.

Humu kuna barua nyingine, niliyomwandikia yule mama. Tafadhali msomee. Mwambie fundi anaomba radhi.

Dada yako

23 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Barua ya yule mama nilikaa nayo mfukoni wiki tano. Jana nikaenda kwake. Alikuwa ameketi dirishani, jicho limefunikwa bendeji. Nikaanza kusoma. Nilipofika pale unapomwambia kwamba huenda siku ile ulisuka ukiwa na homa, nikaikunja barua. Nikamwambia ukweli, na sasa nakwambia wewe.

Watu wa viti vya mbele walilalamika kwamba wavu unawaharibia picha. Nikaifungua kamba, nikaukunja wavu mpaka juu, wakanipigia makofi. Nilifurahia yale makofi, dada. Yule mama peke yake aliniuliza kama ni salama, nikamcheka, nikamwambia asiwe mwoga. Alipoanguka na watu wakamzunguka, niliushusha wavu, nikachukua kamba yako nikaikata kwa kisu, nikazichambua ncha kwa kucha ionekane imekatika yenyewe. Ilinichukua muda, ilikuwa imara. Wenye viti vile walinyamaza, maana wao ndio waliotaka wavu ukunjwe. Nami nikakuacha ufungue nyavu mbele ya watoto huku nikijua. Najionea haya mpaka kujitazama kwenye kioo siwezi.

Nilipiga magoti nimwombe msamaha, akanizuia.

"Mwandikie dada yako kwanza," akasema. "Mimi nilikuona ukiufungua, nikawa nangoja useme mwenyewe. Yeye hakuona kitu. Anadhani ni mkono wake."

Leo asubuhi nimemweleza msimamizi, na kazi sina tena. Karatasi ya pili iliyomo humu ni ya mwalimu mkuu. Nimeandika kwamba kamba yako ilikuwa nzima, nikaandika na jina la aliyeikata. Mpelekee. Mwombe aisome kwa sauti, mbele ya watoto wale wale.

Mdogo wako