Hina Chini ya Kopo

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Barua hii nampa jirani aje nayo huko Arusha. Nimeigundisha mara mbili, simwamini.

Unauliza kama umwache fundi peke yake na pikapu yako ya dizeli. Mimi simwachi mtu, unanijua. Nilipokuwa kijana, fundi Makame aliifungua injini ya pikapu yangu hapa uani, Mangapwani. Nikashuku atachukua nozeli zangu nzima, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, anirejeshee mbovu, basi kabla hajaja nikazitia alama kwa hina iliyobaki ya harusi yetu. Alipotaka kuzirudisha, nikazikagua: hakuna hata moja yenye alama. Nikamwita mwizi, majirani wanasikia.

Alininyooshea kopo la dizeli aliloziosheamo. Chini yake vilikuwa vimezama vipande vya hina yangu, imebanduka alipoziosha.

Akaifunga injini, ikawaka vizuri. Kwangu hakurudi tena.

Mafundi nnawashuku mpaka leo. Nawe simama karibu, mwangalie mikono. Lakini kabla hujamwita mtu mwizi, angalia chini ya kopo.

Babu yako, Mangapwani